Flisi hainyonyi mkojo: matandiko na trei ya choo katika kizimba cha chinchila

Usiku mmoja wa Novemba 2021, wiki ya pili tangu niwalete chinchila wangu wawili, Karafuu na Bisi, nyumbani kwangu St. Paul, Minnesota, nilimwona Karafuu akirudi nyuma taratibu hadi kwenye kona ya kushoto ya kizimba, akainua mkia, akakojoa juu ya tandiko jipya la flisi nililomaliza kulishona jioni ile ile. Mkojo haukuzama. Ulijikusanya ukawa matone manene yanayong'aa, ukabingirika juu ya kitambaa kama maji yanavyobingirika juu ya jani la gimbi, kisha ukafuata mteremko mdogo wa sakafu hadi alipojilaza dada yake. Bisi aliondoka pale kwa kishindo, tumbo limelowa, na mimi nikabaki nimeshika mkasi na kipande cha kitambaa kilichosalia, nikijiuliza kama nimewashonea tandiko au nimewashonea mwavuli.

Kwa asiyemjua mnyama huyu, chinchila ni mgugunaji wa milima ya Andes nchini Chile, mwenye masikio ya mviringo, mkia wa kichaka na uzito wa karibu nusu kilo au zaidi kidogo. Pale ambapo kwenye kichwa cha binadamu hutoka unywele mmoja, kwenye ngozi yake hutoka manyoya kama 60 kutoka kitundu kimoja. Manyoya hayo yalimponza, kwani aliwindwa hadi akakaribia kwisha milimani, na chinchila wengi wanaofugwa Marekani leo ni uzao wa wale 11 ambao Mathias Chapman, mhandisi wa migodi, aliwasafirisha kutoka Chile hadi California mwaka 1923. Manyoya hayo hayo ndiyo yanayofanya suala la tandiko kuwa zito, kwa sababu yakilowa hayakauki upesi, unyevu hubaki karibu na ngozi na kuvu hupata makazi. Ndiyo maana haogi kwa maji, bali hugaagaa kwenye majivu laini ya volkano. Mnyama wa namna hiyo akilazwa penye majimaji, kosa ni la aliyemtandikia.

Mama yangu alipomwona kwa mara ya kwanza kwenye simu aliuliza, "Mwanangu, huyo ni pimbi, au sungura aliyepunguzwa masikio?" Nilicheka wakati ule, lakini nitarudi kwenye pimbi wake baadaye, maana hakuwa mbali na ukweli kama nilivyodhani.

Kabla ya flisi nilitumia maranda ya msonobari, yale yale tunayotandika kwenye mabanda ya kuku nyumbani, isipokuwa haya huwa yamekaushwa kwenye tanuri ili kuondoa sehemu kubwa ya mafuta ya mti yanayosumbua mapafu na ini la wanyama wadogo. Sina ugomvi na maranda. Yananyonya vizuri, mnyama akiyaguguna hayamdhuru, na yakichafuka unayatupa. Ugomvi wangu ulikuwa na miguu ya chinchila. Mrukaji wa zaidi ya mita moja akitua kwenye maranda na kujisukuma tena kwenda juu, yale maranda hayabaki chini, na kila asubuhi nilikuwa nikiyafagia sebuleni, jikoni, na siku moja nikayakuta ndani ya kiatu cha kazini. Kisha kulikuwa na vumbi, ambalo lilinifanya nipige chafya kabla hata wao hawajapiga. Nikaamua kuhamia kwenye kitambaa.

Flisi, kwa Kiswahili cha dukani, ni kile kitambaa chepesi chenye manyoya-manyoya kinachoshonewa majaketi ya baridi na mablanketi ya watoto. Kilianza kutengenezwa mwaka 1979 katika kiwanda cha Malden Mills mjini Lawrence, Massachusetts, na malighafi yake ni poliesta, yaani ni ndugu wa chupa ya maji ya plastiki. Wafugaji wa chinchila na nguruwe wa Guinea hukipenda kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukikikata hakifumuki nyuzi pembeni kama pamba inavyofumuka, na uzi mrefu kwenye kizimba ni hatari: huweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu hadi damu isipite, au ukamezwa na kujikunja tumboni. Ya pili ni kwamba hukauka haraka. Ilikuwa hii sababu ya pili niliyoielewa vibaya. Nilidhani kinachokauka haraka ni kile kinachonyonya vizuri, kumbe ni kinyume chake: hukauka haraka kwa sababu hakinywi kitu.

Nilinunua yadi moja na robo. Sakafu ya kizimba changu, ambacho kina ghorofa mbili, ni sentimita 91 kwa 61. Flisi huuzwa ikiwa na upana wa karibu sentimita 147, kwa hiyo upana huo ukikunjwa mara mbili unatosha sehemu ya juu na ya chini, lakini yadi moja kamili ni sentimita 91 barabara, nawe hubakiwi na hata sentimita moja ya pindo. Ile robo ya ziada si anasa. Nawaambieni hivi kwa sababu yadi yangu ya kwanza, niliyoinunua kwa kubana matumizi, sasa ni mto wa kukalia.

Baada ya tukio la Karafuu nilimpigia mama. Mama ni fundi cherehani Ngamiani, Tanga, na hajawahi kushona kitu cha chinchila, lakini hakuna kitambaa duniani ambacho hana la kusema juu yake. Nilipomaliza kusimulia aliniuliza swali moja: "Kanga mpya, mwanangu, ukiitoa dukani ukajifutia maji, inafuta?" Nikasema haifuti, inasukuma maji tu mwilini. "Mpaka uifanyeje?" Mpaka uifue mara mbili tatu, uwanga uishe. "Basi na hiyo yako kaifue."

Flisi haina uwanga, lakini hutoka kiwandani ikiwa na dawa juu ya nyuzi zake ili iwe nyororo mkononi na isiote vinundu, na dawa hiyo hukataa maji. Niliifua mara tatu mfululizo kwa maji ya moto na sabuni kidogo ya unga isiyo na manukato, bila dawa ya kulainisha nguo. Kila baada ya kuikausha niliitandaza juu ya taulo na kudondosha kijiko cha maji. Baada ya mfuo wa kwanza tone lilikaa juu, likinitazama. Baada ya wa pili lilijivuta na kutanuka, likazama kwa shingo upande. Baada ya wa tatu nilihesabu moja, mbili, na kabla ya tatu lilikuwa limekwenda. Nikageuza kiganja nikapapasa juu: pakavu, kama hapakumwagwa kitu. Nikainua kitambaa, na taulo ya chini ilikuwa na duara la maji lenye upana wa kikombe cha chai.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo yote, na kama msomaji ataondoka na sentensi moja tu ningependa iwe hii: kazi ya flisi ni kupitisha, si kunywa. Nyuzi zenyewe hazinyonyi, ila maji hupenya katikati yake na kwenda chini, ikiwa tu hakuna dawa ya kuyazuia na ikiwa chini kuna kitu chenye kiu kinachoyavuta. Flisi iliyotandikwa moja kwa moja juu ya bati, hata ukiifua mara 20, itapitisha mkojo hadi kwenye bati, mkojo utakosa pa kwenda, na mnyama akiukanyaga utarudi juu. Ndiyo sababu dawa ya kulainisha nguo ni adui wa matandiko haya, kwa kuwa hufunika nyuzi kwa utando wa mafuta na kukurudisha ulikoanzia. Aliyewahi kufua nepi za kitambaa anajua kisa hiki; nepi iliyolainishwa kwa dawa hunukia vizuri na huvuja vizuri pia.

Kwa hiyo swali likawa ni nini kikae chini. Magazeti yalilowa na kugandamana kama uji uliopoa. Taulo ya zamani ilinyonya vizuri, lakini taulo ni vitanzi vya pamba vilivyopangwa safu kwa safu, na kucha ndogo ikinasa kwenye kitanzi kimoja inakivuta chote. Nilichoishia nacho ni zile pedi za kitambaa zinazofulika, zinazotandikwa kitandani kwa mgonjwa au kwa mtoto ambaye bado anakojoa, ambazo juu zina pamba nene na chini zina mpira usiopitisha maji. Kipimo kinachopatikana kwa wingi ni inchi 34 kwa 36, ambacho hukaa kizimbani bila kukatwa, ukikunja upande mmoja tu. Sikuishonea ndani moja kwa moja. Mama alipendekeza nishone flisi kama foronya, yenye ulimi wa kukunjia upande mmoja, ili pedi iingizwe na kutolewa na vifuliwe mbalimbali, na kila mshono uwe kwa ndani ambako meno hayafiki. Nilishona matatu: moja likiwa kizimbani, moja likiwa limefuliwa, na la tatu kwa ajili ya siku ambazo mambo huenda mrama.

Nilijiona nimemaliza. Siku ya nne nilipiga magoti, nikaingiza kichwa ndani ya kizimba ili nivute hewa wanayovuta wao, na macho yakaniwasha. Hewa ya sebuleni, mahali pua ya mtu mzima ilipo, ilikuwa safi kabisa. Hewa ya sentimita tano juu ya tandiko ilikuwa amonia tupu. Bakteria hula urea iliyomo kwenye mkojo na kutoa gesi hiyo, na kwa kuwa pedi ilikuwa inanyonya kila tone na kulihifadhi pale pale, nilikuwa nimewajengea Karafuu na Bisi godoro la mkojo lenye uso mkavu. Juu palionekana pasafi, nami nikaamini nilichokiona. Tangu siku hiyo sipimi usafi wa kizimba kwa macho.

Wafugaji wengi wanaolalamika kwamba flisi inanuka hufika hapa na kurudi kwenye maranda. Mimi nadhani tatizo si kitambaa. Tatizo ni kukitwika kitambaa kazi ya choo. Tandiko linaweza kubeba ajali, tone hapa na tone pale, lakini haliwezi kubeba mkojo wote wa wanyama wawili kwa wiki nzima, na hakuna pedi itakayolibadilisha jambo hilo. Mkojo lazima upelekwe mahali pengine.

Chinchila, tofauti na wanavyodhani wengi, hakojoi ovyo. Nilichora ramani ya sakafu na rafu za kizimba nyuma ya bahasha, na kila asubuhi kwa siku saba nikapita na karatasi laini nyeupe nikigandamiza hapa na pale, nikitia alama kila mahali karatasi ilipogeuka rangi. Asubuhi sita kati ya saba alama zilikuwa mahali pawili tu: kona ya nyuma kushoto sakafuni, na mwisho wa kulia wa rafu ya juu. Nikamkumbuka pimbi wa mama. Aliyepita kwenye miamba ya Serengeti amewaona pimbi wakiota jua, na pengine ameziona zile alama nyeupe zinazotiririka kwenye mwamba chini yao. Ni choo cha ukoo mzima, kinachotumiwa mahali pale pale kizazi baada ya kizazi mpaka mkojo unaacha utando kama chokaa. Kwa nasaba pimbi yuko karibu zaidi na tembo kuliko na chinchila, lakini wote wawili ni watu wa majabali, na wote wana adabu ya kona. Nilipomweleza mama, alisema tu kwamba yeye alishasema.

Trei yangu ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ya pembetatu, iliyotengenezwa mahsusi kwa kona za vizimba. Ilidumu siku mbili. Meno ya chinchila hayakomi kuota maisha yake yote, kwa hiyo kuguguna kwake si utundu bali ni haja, na ukingo wa plastiki una unene ule ule unaomfaa. Vipande vilivyokuwa sakafuni nilivihesabu. Vilivyokuwa tumboni sikuweza kuvihesabu, na mnyama huyu hana uwezo wa kutapika. Daktari wa wanyama alinitaka niangalie kama wanakula na kama choo kikubwa kinatoka kama kawaida, nikakesha usiku mbili nikihesabu vijinyesi kama mtu anayehesabu shanga. Waliendelea vizuri, lakini plastiki haijaingia tena kizimbani.

Nilichokipata badala yake kilitoka kwenye duka la vyombo vya mikahawa vilivyokwishatumika: ile trei ya stenlesi inayowekewa pilau kwenye bufe la harusi. Ukubwa unaoitwa nusu una urefu wa sentimita 32.5, upana wa 26.5 na kina cha 10. Chinchila mmoja anaenea humo akijigeuza, kuta zina urefu wa kutosha kuzuia maranda yasirushwe nje, na ule ukingo wake uliopinda unakubali kutobolewa matundu mawili na kufungwa kwenye waya wa kizimba kwa bolti zenye nati za kukaza kwa vidole. Kuifunga ni lazima. Siku ya kwanza niliiweka bila kuifunga, na saa nane usiku Bisi aliipindua kwa mlio ulioamsha jengo. Kwa rafu ya juu nilitumia ndugu yake mdogo, ile ya theluthi, kwa mtindo ule ule.

Ndani ya trei maranda yalirudi, safari hii yakiwa yamezungushiwa kuta. Sentimita tatu zinatosha. Siku hizi huchanganya na vile vipande vya vumbi la msonobari vilivyoshindiliwa, vinavyouzwa kwa ajili ya mazizi ya farasi, ambavyo vikilowa huvimba na kusambaratika kuwa unga, kwa hiyo huna haja ya kukisia ni wapi pamelowa. Maranda ya mwerezi sitii hata kidogo, harufu yake nzuri ndiyo sumu yake. Mchanga wa paka unaogandamana nao hapana, maana kilichoundwa kuvimba na kushikamana kikikutana na maji kitafanya hivyo hivyo ndani ya utumbo.

Mafunzo hayakuwa mafunzo. Nilichukua maranda machache yaliyolowa nikayaweka kwenye trei mpya, nikaiweka trei kwenye kona waliyokwishaichagua wenyewe, na kwingine kote nikapangusa kwa siki iliyochanganywa na maji ili harufu isiwaite kurudi. Nilihamisha pia kikapu cha nyasi kavu za timothi, nikakitundika juu ya trei, kwa sababu chinchila akila hukojoa, na akikaa kula kwa nusu saa ni afadhali akae mahali panapofaa. Hili lilikuwa na faida nyingine ambayo sikuitarajia: nyasi zinazoanguka huangukia treini. Nyasi na flisi hazipatani kabisa, kwa kuwa kila jani hujishona kwenye manyoya ya kitambaa, na kuliondoa ni kazi ya kuokota moja moja. Karafuu alizoea trei kwa wiki tatu. Bisi alichukua karibu miezi miwili, na hadi leo akikasirika husimama kwa miguu ya nyuma na kukurushia mkojo kifuani kwa shabaha, kama chinchila wa kike wanavyofanya, lakini hilo si suala la trei.

Niseme wazi kuhusu vijinyesi, kwa sababu wengi hudanganywa hapa. Trei ni ya mkojo. Choo kikubwa, ambacho ni punje ngumu, kavu, zisizo na harufu, kitaanguka popote mnyama atakapokuwa, akiruka, akila au akikutazama usoni, na hakuna mafunzo yatakayobadilisha hilo. Kwenye flisi angalau vinaonekana na vinafagika. Kila jioni kabla hawajachangamka napita na brashi ndogo na kizoleo, dakika tano, kisha napapasa tandiko lote kwa kiganja. Kupapasa huko si kwa ajili ya usafi.

Mwezi wa nne nilipapasa nikakuta shimo. Lilikuwa kwenye kona ya mbele, dogo kuliko sarafu, kingo zake zikiwa zimenyofolewa kwa ustadi, na ndani yake pamba ya pedi ilikuwa imeanza kuchungulia. Vinyuzi vya flisi vilikuwa vimetawanyika kama vumbi jekundu. Flisi ikigugunwa hutoka vinyuzi vifupi, na mwenye bahati mnyama wake huvitema. Lakini poliesta ni plastiki, haimeng'enywi, na mnyama anayeimeza kwa kudumu siku moja itamziba utumbo. Usiku ule nilizima taa, nikakaa kimya kwenye kiti, nikamwona Bisi akija moja kwa moja kwenye kona ile. Alikuwa akivuta kitambaa kwa meno na kukirusha kando. Hakuwa anameza. Nikabadilisha mambo mawili. Kwanza, tandiko nililipunguza upana kwa nusu sentimita na kulichomeka kingo zake chini ya fremu ya bati inayoizunguka sakafu, ili pasiwe na ukingo wowote unaojitokeza wa kushikwa. Pili, niliongeza vijiti vya mtofaa vya kuguguna, vitatu badala ya kimoja. Shimo halikurudi. Lingerudi, ningetoa flisi yote siku hiyo hiyo na kumrudishia maranda, na ningewashauri wenye chinchila wanaokula kitambaa wafanye hivyo bila kujadiliana na nafsi zao kuhusu gharama walizokwishatumia.

Kuna nyakati nyingine ambazo sitandiki flisi. Chinchila mwenye kuhara au kidonda hulazwa juu ya kitu cha kutupwa kila siku. Na wakati wa Julai, Minnesota inapokuwa na joto la unyevu ambalo watu wa Tanga watalitambua mara moja, rafu mbili naziacha wazi na kuweka vipande vya marumaru, kwa kuwa mnyama huyu huanza kuelemewa joto likikaribia nyuzi 25 na kitambaa cha majaketi hakimsaidii. Kiyoyozi kinafanya kazi kubwa, marumaru inafanya kazi ndogo, flisi inangojea Oktoba.

Limebaki suala la kufua, ambalo kwa mkaazi wa fleti ni suala la ujirani. Mashine zetu ziko chini ya jengo na tunazitumia sote. Mara ya kwanza nilipeleka matandiko kama yalivyotoka kizimbani, na siku iliyofuata nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa, ikimwomba mwenye mnyama, yeyote awaye, aje atazame kichujio cha mashine ya kukaushia. Nilikwenda. Kilikuwa kimevaa manyoya ya kijivu unene wa kidole, na humo ndani kulikuwa na majani ya timothi na punje kadhaa ambazo jirani, namshukuru, hakuzitaja kwenye karatasi. Sasa matandiko hukung'utwa kwanza ndani ya mfuko mkubwa wa taka, juu ya ngazi za nyuma, hata Januari ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kisha nayapangusa kwa glovu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, ambayo hukusanya manyoya yakawa vinundu. Baada ya hapo huingia kwenye mfuko wa kufulia wenye zipu. Maji ya moto, sabuni nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na nusu kikombe cha siki nyeupe wakati wa kusuuza, ambayo huondoa harufu na mabaki ya sabuni. Siki na jiki havikutani katika mfuo mmoja, kwa sababu vikichanganyika hutoa gesi ya klorini. Kwenye mashine ya kukaushia sirudi. Flisi hutundikwa juu ya beseni la kuogea usiku, na asubuhi imekauka, maana hewa ya ndani wakati wa baridi hapa ni kavu kiasi cha kupasua midomo.

Trei zenyewe humwagwa Jumatano na Jumapili, zikasuguliwa kwa siki iliyopashwa moto kidogo ili kutoa ule utando mweupe wa mkojo unaoshika chini, zikaoshwa kwa maji matupu na kufutwa zikakauka. Tandiko hubadilishwa Jumapili tu, na pedi ya chini, ambayo zamani ilikuwa ikitoka nzito kama kitambaa cha kudekia, sasa hutoka na madoa mawili matatu. Maranda machache ya zamani huyarudisha treini kila mara ili wasijione wamehamishwa nyumba. Jana nilipokuwa bado nayamimina, mkono wangu ukiwa ndani ya kizimba, Karafuu alishuka kutoka rafuni, akaingia treini, akajigeuza mara mbili, akarudi nyuma hadi kwenye kona na kuinua mkia. Niliutoa mkono upesi.